Anayeuliza kuhusu chanjo ajibiwe, asikaripiwe

Novemba 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walitoa tamko lililoitikisa nchi. Walidai kuwa chanjo iliyotumika kwenye kampeni ya pepopunda, iliyokuwa ikiendeshwa na serikali kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF, ilikuwa na homoni ya kuzuia mimba, na kwamba wanawake walikuwa wakifungwa uzazi bila kujua. Serikali ikakanusha. WHO na UNICEF nazo zikakanusha. Kanisa linaloendesha hospitali na zahanati nyingi nchini humo likawa upande mmoja, Wizara ya Afya upande wa pili, na katikati akabaki mama aliyeambiwa aende achomwe sindano.

Ukiacha madai yenyewe na kuyatazama maswali yaliyoyazaa, utaona kuwa yalikuwa maswali ya mtu mwenye akili timamu. Kwa nini wanawatafuta wanawake peke yao, wakati pepopunda humpata hata mwanamume aliyekanyaga msumari wenye kutu? Kwa nini wawe wanawake wenye umri wa kuzaa tu? Na kwa nini sindano irudiwe mara kadhaa?

Kila swali lina jibu, tena jibu zuri. Pepopunda inayoua zaidi ni ile inayompata mtoto mchanga, pale kitovu chake kinapokatwa kwa wembe usio safi au kupakwa kitu kichafu. Mtoto huyo hawezi kuchanjwa akawahi, kwa sababu ugonjwa humpata ndani ya siku zake za mwanzo duniani. Kinga yake lazima itoke kwa mama, imfikie kupitia kondo la nyuma kabla hajazaliwa. Ndiyo maana anatafutwa mwanamke, na ndiyo maana anatafutwa yule anayeweza kushika mimba. Kuhusu kurudia, dozi moja ya pepopunda haitoshi: mwanamke ambaye hakuchanjwa utotoni anahitaji dozi tano, zilizopangwa kwa vipindi, ili kinga idumu miaka yake yote ya uzazi.

Maelezo hayo yanaweza kutolewa kwa dakika tatu kwenye benchi la kliniki, kabla ya sindano ya kwanza. Yalipokuja kutolewa kwa sauti kubwa, baada ya tamko, yalisikika kama utetezi wa mshtakiwa. Tena uvumi ule ulikuwa na chembe ya kweli iliyoupa nguvu: miaka ya nyuma watafiti, wakiwemo wa India, waliwahi kujaribu chanjo ya uzazi wa mpango iliyounganisha homoni ya ujauzito na sumu ya pepopunda iliyodhoofishwa, na WHO iliwahi kuunga mkono utafiti wa aina hiyo. Ilikuwa chanjo nyingine kabisa, yenye lengo lililotangazwa wazi, wala si ile inayotunzwa kwenye jokofu la zahanati. Lakini mhudumu asiyejua historia hiyo, akiulizwa, husema "huo ni uongo mtupu". Aliyeuliza akienda kutafuta kwenye simu yake na kukuta utafiti ule kweli ulikuwepo, hatamwamini tena mhudumu huyo hata akimwambia maji ya kunywa yachemshwe.

Uganda ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya akina mama na watoto wachanga mwaka 2011, Tanzania mwaka 2012. Kenya, baada ya mzozo ule, ilifika hapo miaka kadhaa baadaye.

Kisa cha Kenya kimesimuliwa mara nyingi kama kisa cha dini na sayansi kugongana. Kinafaa zaidi kusomwa kama kisa cha maswali yaliyokosa mtu wa kuyajibu mapema, ana kwa ana, kwa lugha ya anayeuliza. Mtu wa kazi hiyo yupo, naye ni muuguzi, daktari, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejulikana kwa jina mtaani. Utafiti wa taasisi ya Wellcome ya Uingereza wa mwaka 2018, uliowahoji zaidi ya watu 140,000 katika nchi zaidi ya 140, ulikuta kuwa watu 73 kati ya kila 100 humwamini daktari au muuguzi kuliko mtu mwingine yeyote linapokuja suala la ushauri wa afya. Hata enzi hii ya makundi ya WhatsApp, sauti ya aliyeshika sindano ina uzito kuliko sauti iliyosambazwa usiku na mtu asiyejulikana.

Uzito huo unapotezwa kila siku kwa ukali.

Atakayekaa asubuhi moja kwenye kliniki ya mama na mtoto atausikia ukali wenyewe. Kadi iko wapi? Mbona umechelewa wiki tatu? Wewe mama wa wapi, unasubiri mtoto aumwe ndiyo uje? Mama hunyamaza, huinamisha kichwa, hupokea kadi yake na kuondoka. Mwezi unaofuata haonekani, na kwenye rejesta anaandikwa kuwa ameacha chanjo. Mtaani watasema anaamini uvumi. Huenda hajawahi kuuamini uvumi wowote, ila aliona afadhali abaki nyumbani kuliko kuaibishwa mbele ya majirani.

Haki itendeke kwa muuguzi naye. Mara nyingi yuko peke yake, foleni imefika mlangoni, kuna watoto wa kupimwa uzito, rejesta za kujaza, jokofu la kuangalia joto lake, na mjamzito anayesubiri chumba cha pili. Kuna mambo hata yeye hayawezi. Kichupa cha chanjo ya surua na rubela kikishafunguliwa na kuchanganywa, kilichobaki lazima kimwagwe baada ya saa sita, kwa hiyo watoto wakiwa wachache mama huambiwa arudi siku nyingine. Kwa anayekaa karibu na kituo huo ni usumbufu. Kwa aliyetoa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, akaacha genge lake limefungwa, hilo ni pigo, na akiambiwa hivyo mara mbili hataonekana tena. Wataalamu wa WHO waliolichambua suala la kusita kuchanja mwaka 2014 walitaja mambo matatu yanayolizaa: kutoiamini chanjo au anayeitoa, kutoiona hatari ya ugonjwa, na ugumu wa kuifikia huduma yenyewe. Mhudumu asiyejua lipi kati ya hayo matatu limemleta mama akiwa na shaka atamhubiria usalama wa chanjo mtu ambaye tatizo lake ni nauli.

Basi aanze vipi?

Namna ya kufungua mazungumzo ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Huko Seattle, Marekani, Douglas Opel na wenzake waliyachunguza mazungumzo 111 kati ya madaktari wa watoto na wazazi, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Daktari alipoanza kwa kutaja chanjo kama sehemu ya kawaida ya siku hiyo, wazazi 26 katika kila 100 walipinga. Alipoanza kwa kuuliza mzazi anataka kufanya nini kuhusu chanjo, waliopinga walikuwa 83 katika kila 100. Kwa lugha ya kliniki zetu, kuna tofauti kubwa kati ya "Leo mtoto anapata pentavalenti ya pili na matone ya polio" na "Sijui unaonaje, tumchanje?" Kauli ya kwanza inaonyesha kuwa jambo ni la kawaida na mhudumu analisimamia. Ya pili inamwachia mzazi mzigo ambao hajajiandaa kuubeba, na anayebabaika huchagua kusubiri.

Wapo wanaouchukua utafiti huo kama ruhusa ya kumsukuma mgonjwa. Hawakusoma mpaka mwisho. Miongoni mwa wazazi waliopinga mwanzoni, karibu nusu walikubali pale daktari alipoendelea kuzungumza nao badala ya kuliacha jambo likafia hapo. Kazi kubwa iko kwenye mazungumzo yanayofuata baada ya "hapana" ya kwanza.

Chukua mfano wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo katika Afrika Mashariki imezungukwa na maneno kuliko nyingine nyingi. Mama ameitwa shuleni, au amekuja zahanati na binti wa miaka 10. Anasitasita. Muuguzi anamwambia, "Mama Neema, naona roho yako haijatulia na hii sindano. Umesikia nini?" Mama anasema kwa sauti ya chini kuwa wanasema inafunga kizazi.

Hapo pana njia mbili. Ya kwanza imezoeleka: "Nani kakwambia huo ujinga?" Pengine aliyemwambia ni mama yake mzazi, au mchungaji wake, au dada yake wa damu, na sasa mhudumu amewatukana wote kwa pigo moja. Ya pili ni kusema: "Maneno hayo yapo, na mzazi yeyote akiyasikia lazima ashtuke, maana mtoto ni wako na unamtakia wajukuu. Nikueleze ninachokijua?" Mama akiitikia, anaelezwa kwa ufupi: chanjo hii inamkinga binti na virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, haigusi mayai wala homoni zake, na inatolewa mapema kwa sababu hufanya kazi vizuri zaidi kabla hajakutana na virusi hivyo. Kisha mhudumu ananyamaza na kuuliza, "Hapo unaonaje?"

Yapo mambo madogo manne ndani ya mazungumzo hayo mafupi: kuuliza bila kuhukumu, kuitambua hofu bila kuukubali uvumi, kuomba ruhusa kabla ya kueleza, na kumrudishia mwenyewe neno la mwisho. Ni mbinu yenye historia. Mwanasaikolojia William Miller aliianzisha miaka ya 1980 kwa ajili ya watu wenye ulevi, akaikuza pamoja na Stephen Rollnick, baada ya kuona kuwa mlevi anayehubiriwa huishia kuutetea ulevi wake. Daktari Arnaud Gagneur na wenzake waliipeleka wodi ya wazazi huko Sherbrooke, jimbo la Quebec nchini Kanada, wakazungumza na akina mama siku chache tu baada ya kujifungua. Watoto wa miezi 7 waliokuwa wamekamilisha chanjo zao wakaongezeka kwa asilimia 7 hivi. Ongezeko hilo linaweza kuonekana dogo, lakini surua haidharau pengo dogo: mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na ili kuizuia inatakiwa watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa.

Kuhusu chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, mhudumu wa Tanzania au Kenya ana ushahidi wa nyumbani ambao hautajwi vya kutosha. Watu wengi huuliza kwa nini zamani zilikuwa dozi mbili na sasa ni moja, na wengine wanahisi wameletewa nusu dawa. Jibu lilitoka hapa hapa. Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti uliolinganisha dozi moja, mbili na tatu. Nchini Kenya, wanawake vijana 2,275 katika Kisumu, Thika na Nairobi walishiriki utafiti mwingine, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa dozi moja iliwakinga kwa zaidi ya asilimia 97 dhidi ya maambukizi ya kudumu ya aina mbili za virusi zinazosababisha sehemu kubwa ya saratani hiyo. Dunia ilibadili mwongozo kwa sababu ya mabinti hawa na wengine kama wao. Tanzania ikahamia dozi moja Aprili 2024, ikilenga wasichana wapatao milioni 5 wa miaka 9 hadi 14. Mzazi anayehofia kuwa chanjo imetengenezwa mbali na watu wasiomjua anastahili kuambiwa kuwa ushahidi wa dozi anayopewa binti yake umetokana kwa sehemu na mabinti wa Mwanza.

Takwimu za saratani zenyewe ni nzito: kwa makadirio ya mwaka 2020, zaidi ya wanawake 10,000 nchini Tanzania waligunduliwa kuwa na saratani ya mlango wa kizazi na zaidi ya 6,000 walikufa kwayo. Hata hivyo mhudumu asikimbilie kuzimwaga mbele ya mtu mwenye hofu, wala asimtolee picha za kutisha. Brendan Nyhan na wenzake waliwajaribu wazazi zaidi ya 1,700 nchini Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Hakuna ujumbe wao hata mmoja uliomfanya mzazi aongeze nia ya kuchanja. Waliosoma kisa cha mtoto aliyekaribia kufa kwa surua walizidi kuamini kuwa chanjo ina madhara makubwa. Waliokuwa na shaka kubwa tangu mwanzo walipoelezwa kwamba chanjo haileti usonji, walikubali hoja yenyewe, lakini nia yao ya kuchanja ikapungua. Mtu aliyeshikwa na hofu huishika zaidi anapoongezewa hofu nyingine.

Kinachosaidia ni ukweli mdogo uliosemwa mapema. Mtoto akichomwa pentavalenti paja linaweza kuvimba, anaweza kupata homa na kulia usiku. Sindano ya kifua kikuu anayopewa akizaliwa huacha kidonda kidogo begani baada ya wiki kadhaa, kisha kovu. Mambo haya muuguzi anayajua kama jina lake, na kwa sababu anayajua mno husahau kuyasema. Mama ambaye hakuambiwa huamka saa nane usiku, mtoto anachemka, mama mkwe anauliza umempeleka kuchomwa nini, na ndani ya saa moja sindano imekuwa sumu. Aliyeambiwa atasema, "Nesi alisema itakuwa hivi, kesho itashuka." Homa ni ile ile. Aelezwe pia lini arudi kituoni bila kungoja: homa kali isiyoshuka, degedege, mtoto kulia mfululizo zaidi ya saa tatu. Wapo wahudumu wanaoogopa kuwa kutaja madhara kutawafukuza akina mama. Kinachowafukuza ni kushtukizwa.

Hofu ya sindano katika pwani na bara la Afrika Mashariki ina umri kuliko simu za mkononi. Enzi za ukoloni watu walizungumza juu ya mumiani, watu wanaodaiwa kunyonya damu ya wengine ili itengenezwe dawa, na Nairobi na Kampala lawama hizo ziliwaangukia hata wazimamoto. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya habari hizo mwaka 2000, akazichukulia kama njia ambayo watu waliotawaliwa waliitumia kuusemea uonevu halisi. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mhudumu akiisikia hofu ya damu Kilifi au Tanga, asiichukulie kama upumbavu wa jana.

Kuna mahali ambapo hofu ilijengwa na mambo yaliyotokea kweli. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, kampuni ya dawa ya Pfizer iliwajaribia watoto dawa iitwayo Trovan, na 11 kati ya watoto waliokuwa kwenye jaribio hilo walikufa. Mvutano wa kama wazazi waliridhia kwa kuelewa ulifika mahakamani. Miaka saba baadaye, mwaka 2003, jimbo hilo hilo liliikataa chanjo ya polio kwa madai ya kufunga uzazi. Polio ikasambaa tena hadi nchi ambazo zilikuwa zimeisahau. Mgomo uliisha mwaka 2004 baada ya viongozi wa Kano kuridhia chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watu wa Kano walikuwa wameumwa, na wataalamu waliokwenda kuwaita wajinga hawakuliona jeraha.

Tanzania ina somo lake, na halina haja ya kusemwa kwa kunong'ona. Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alitilia shaka hadharani chanjo za Uviko-19. Februari 1 Wizara ya Afya ikasema haina mpango wa kuzipokea. Julai 24 mwaka huo huo dozi zaidi ya milioni moja za Janssen ziliwasili, na Julai 28 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa Ikulu mbele ya kamera. Alijieleza kama mama, bibi mwenye wajukuu na mke kabla ya kuwa Amiri Jeshi Mkuu, mtu mwenye wa kumtegemea asiyeweza kujitia hatarini makusudi. Ilikuwa hotuba nzuri ya mtu kwa mtu. Lakini muuguzi wa zahanati aliamka asubuhi akatakiwa kuitetea chanjo ambayo miezi sita nyuma wakubwa wake hawakuitaka, na wagonjwa wake walikuwa na kumbukumbu.

Angewajibu nini? Wapo waliojifanya hakuna kilichobadilika, na hao hawakuaminiwa. Jibu la heshima ni la wazi: wakati ule wakubwa wetu walisema vile, sasa uamuzi umebadilika, na mimi mwenyewe nimechanjwa kwa sababu hizi. Sehemu hiyo ya mwisho ina nguvu kubwa, na ndiyo iliyokuwa ngumu, kwa sababu wahudumu wengi nao walisita. Mbunge wa Kawe wakati huo, Askofu Josephat Gwajima, alihubiri dhidi ya chanjo hizo, na Bunge likamwadhibu kwa kumsimamisha. Adhabu hiyo haikumjibia mtu swali hata moja. Kilicholeta mabadiliko ni miguu. Mwanzoni mwa 2022 Tanzania ilikuwa bado kati ya nchi ambazo waliokamilisha chanjo hawakufika asilimia 10. Wahudumu wakatoka vituoni wakaenda minadani, sokoni, misikitini, makanisani na nyumba kwa nyumba, wakiwa pamoja na viongozi wa mitaa na wa dini, na kufikia 2023 nchi ilikuwa imevuka nusu ya watu wake wote.

Rwanda ilianza na watu hao hao tangu mwanzo. Ilipoanzisha chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi mwaka 2011, ikiwa ya kwanza Afrika kufanya hivyo nchi nzima, iliwashirikisha walimu, wahudumu wa jamii na viongozi wa dini kabla sindano haijafika darasani. Wasichana zaidi ya 90 katika kila 100 waliolengwa walimaliza dozi tatu zilizohitajika wakati huo.

Jambo moja husahaulika sana vituoni: anayeketi mbele ya muuguzi mara nyingi siye mwenye neno la mwisho. "Ngoja nikamuulize baba yake" si kukataa, na anayeambiwa hivyo asikunje uso. Amuulize mama baba atauliza nini, amsaidie kuandaa majibu, ampe namba ya simu, amkaribishe baba siku inayofuata. Na bibi akija na mjukuu, aamkiwe shikamoo kwanza, aulizwe habari za surua ya zamani. Wazee wengi wa Afrika Mashariki waliwazika watoto kwa surua, na neno la bibi aliyeuona ugonjwa ule linamfikia binti yake kuliko bango lolote la ukutani.

Wapo watakaokataa hata baada ya yote hayo. Waagwe kwa heshima, wahudumiwe kwa kila walichokuja nacho, waambiwe kuwa mlango uko wazi, na mhudumu akumbuke kuuliza tena mwezi ujao. Asiyekuwa tayari leo huenda akawa tayari mtoto wa jirani atakapougua. Atarudi tu ikiwa aliondoka bila kuvunjiwa heshima.

Hayo yote yanahitaji muda, na muda hauwezi kutoka mfukoni mwa muuguzi. Msimamizi anayefika kituoni huuliza dozi ngapi zimetolewa na vichupa vingapi vimeharibika. Ni nadra aulize ni mama wangapi waliondoka na swali lao mkononi. Vyuo vya uuguzi hufundisha vizuri pembe ya sindano na nyuzijoto za jokofu. Saa za kujifunza kuzungumza na mzazi mwenye shaka ni chache, ilhali huo ni ujuzi unaofundishika na kufanyiwa mazoezi kama ule mwingine. Wizara, halmashauri za Tanzania na serikali za kaunti za Kenya zinaweza kuanza na mambo ya bei ndogo: mhudumu wa jamii mmoja akae kwenye benchi la kliniki siku za chanjo kujibu maswali kabla foleni haijafika kwa muuguzi, wahudumu wapewe majibu ya uvumi wa eneo lao mapema, pamoja na historia yake, na mhudumu ambaye mwenyewe ana shaka apate pa kuuliza bila kuogopa kupewa barua ya onyo.

Msomaji mwenye mtoto wa kuchanjwa ana haki yake pia. Swali lililoingia kwenye simu yako usiku lipeleke kituoni asubuhi, uliulize waziwazi kabla mtoto hajashikwa paja, na usiondoke mpaka umejibiwa.